Boom ni Mavuno: Jiko la Maswa kwa Mwanachuo

Wanachuo wenzangu, tuanze na jambo ambalo wote tunalijua ila hatupendi kulisema. Boom likiingia, wiki mbili za kwanza chuo kizima kinakula bata. Chipsi kuku, soda baridi, juisi ya parachichi, na ukichelewa kidogo kwa mama ntilie hupati hata pa kukaa. Ngoja sasa ifike wiki ya saba. Watu wanapiga pasi ndefu: chai ya rangi na andazi moja asubuhi, halafu kimya mpaka usiku. Wapo wanaoingia kwenye chumba cha mtihani na maji tu tumboni, na ukimuuliza mtu atakwambia eti amefunga.

Siandiki haya kumsema mtu. Nataka kueleza jiko la kwetu Maswa, mkoani Simiyu, kwa sababu tatizo letu la boom ni tatizo ambalo wakulima wa kule wanalijua tangu zamani. Wao chakula hukiingiza ndani mara moja kwa mwaka, kisha wanakaa miezi mingi bila tone la mvua. Na bado katikati ya kiangazi utakuta nyumba ina mlo mzito wa kushibisha, na hata kitu kitamu cha kutafuna na chai. Hawafanyi miujiza. Wanakausha, wanachanganya, wanagawa. Nitaeleza kila kimoja kinavyofanya kazi, kisha tutapika wenyewe.

Maswa kwa ufupi

Simiyu ina wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012; kabla ya hapo Maswa ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Wengi wenu mnaijua kwa pamba, au kwa chaki zinazotengenezwa kule. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, hao hao ambao watani wetu wanapenda kusema kwamba hawajala mpaka wale ugali.

Mvua za kule huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika mwezi wa nne au wa tano. Kuanzia Juni hadi Septemba ni jua na vumbi. Ardhi nayo si ya aina moja. Kwenye miinuko kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni, mzuri kwa viazi vitamu na karanga. Mabondeni kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa gari wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Kwenye mbuga hiyo ndiko zinakolimwa dengu, na hapa kuna jambo linalostahili kutazamwa vizuri. Dengu hupandwa mvua zikiwa zinaisha. Mbuga inashika unyevu chini kwa muda mrefu, na dengu inaishi kwa kuunyonya unyevu huo hadi inakomaa. Yaani kuna zao zima linalokua kwa kutumia akiba ya maji iliyobaki baada ya neema kupita. Tuliweke hilo kichwani, tutalirudia tukifika kwenye hesabu.

Michembe na matobolwa si kitu kimoja

Asiyetoka Kanda ya Ziwa akiona vipande vya viazi vikavu husema "michembe" kwa vyote. Hapana. Ni vyakula viwili, na tofauti yake ni ya kikemia kabisa.

Michembe hutokana na kiazi kitamu kibichi. Viazi vikichimbwa huachwa vinyauke siku chache, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani hadi vikatike kwa mlio ukivivunja. Matobolwa hutokana na kiazi kilichochemshwa kwanza kikaiva, ndipo kikamenywa, kikakatwa na kuanikwa.

Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu? Kiazi kitamu kina wanga mwingi, na pia kina kimeng'enya ambacho kikipata moto wa wastani hugeuza sehemu ya wanga huo kuwa sukari. Ndiyo maana kiazi kilichopikwa taratibu ni kitamu kuliko kibichi, bila ya mtu kukitia kijiko cha sukari. Matobolwa yameshapita hatua hiyo kabla ya kuanikwa. Kwa hiyo ni matamu, yanatafunika hivyo hivyo, na mtoto wa shule anaweza kuyaweka mfukoni akala njiani. Michembe bado ina wanga wake mbichi, hivyo lazima ipikwe. Lakini ukishaipika inakuwa nzito na kushibisha, na hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa upande wa kuhifadhi. Kiazi kitamu kibichi, karibu asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Ukikiacha ndani kinaota, kinaoza au kinaliwa na wadudu. Ukitoa maji hayo, vimelea vya kuozesha havina pa kuishi. Kilo tatu hadi nne za viazi zinarudi kuwa kilo moja hivi ya michembe, na kilo hiyo ikikaa pakavu inavuka miezi ya kiangazi bila friji wala umeme. Watu wengine duniani walifikia jibu kama hilo kwa njia yao. Kwenye milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, wakulima hugandisha viazi mviringo kwa baridi ya usiku na kuvikausha kwa jua la mchana, wakapata chakula kinachoitwa chuño. Kule baridi na jua, huku kwetu jua tu.

Mboga nazo zinakaushwa. Majani ya kunde huchemshwa kidogo kisha huanikwa, yakawa nsansa, nyeusi nyeusi na yenye harufu yake ambayo ukiizoea huisahau. Mama wengi huanika mboga kivulini penye upepo, na wana sababu nzuri: jua kali linaharibu vitamini A iliyomo kwenye majani.

Karanga inafanya kazi gani

Ukipika mapishi ya Kisukuma utagundua karanga iliyotwangwa iko karibu kila mahali: kwenye michembe, kwenye nsansa, kwenye mlenda, hata kwenye uji. Wengine wanadhani ni ladha tu. Kazi zake ni tatu.

Kwanza, karanga ina mafuta, na kiazi karibu hakina kabisa. Vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uinyonye. Viazi vya rangi ya chungwa vina kiini cha vitamini hiyo kwa wingi. Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti wanne, na watatu kati yao, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa kwa kazi ya kuendeleza viazi hivyo barani Afrika. Ukila kiazi hicho bila mafuta, faida nyingi inapita tu. Ukichanganya na karanga, inabaki.

Pili, karanga ina protini, takribani robo ya uzito wake. Tatu, inafanya chakula kikae tumboni. Mafuta na protini humeng'enywa polepole kuliko wanga peke yake, kwa hiyo mtu aliyekula michembe ya karanga saa moja asubuhi bado yuko imara kwenye lekcha ya saa tano, wakati aliyekunywa chai na andazi ameshaanza kuangalia saa.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwenye ugali na dengu, au wali na choroko. Protini ya nafaka ina upungufu wa kitu ambacho jamii ya kunde inacho, na jamii ya kunde ina upungufu wa kitu ambacho nafaka inacho. Ukivila pamoja vinakamilishana. Huhitaji nyama kila siku ili uwe umekula vizuri.

Sasa tupike

Vipimo vyote hapa ni kwa watu watatu wenye njaa au wanne wa kawaida. Kikombe ni kile cha chai. Jiko lolote linafaa: mkaa, au ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6.

*Michembe ya karanga*

Mahitaji: michembe vikombe 3, karanga zilizotwangwa kikombe 1, chumvi nusu kijiko cha chai, maji vikombe 6.

Osha michembe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, maana imeanikwa nje na mchanga haukosi. Iloweke nusu saa. Hatua hii inakupunguzia gesi. Bandika ichemke hadi uma uingie bila kusukumwa, kama dakika 30. Wakati huo koroga karanga na maji baridi kidogo kwenye bakuli mpaka iwe uji mzito. Usimwage karanga kavu moja kwa moja kwenye sufuria, itafanya madonge. Michembe ikiiva mimina ule uji wa karanga, tia chumvi, punguza moto na ukoroge mara kwa mara kwa dakika 10 hadi 15. Karanga inapenda kufura na kumwagika, na chini inashika haraka. Ponda kidogo kwa mwiko, acha vipande vingine vizima. Hiki ni kifungua kinywa, au chakula cha usiku ukiwa umechoka. Kinaenda na chai ya rangi au mtindi.

*Dengu za blanketi*

Mahitaji: dengu vikombe 2, vitunguu 2, nyanya 3, mafuta vijiko 3 vya chakula, kitunguu saumu, binzari na chumvi.

Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, weka mapya, chemsha kwa moto mkubwa dakika 20. Hapo ndipo unapozima jiko. Funika sufuria vizuri, iweke kwenye boksi au kapu, zungushia blanketi zito pande zote na juu, nenda darasani. Joto lililomo ndani linaendelea kupika bila gharama. Ukirudi baada ya saa tatu au nne zimelainika sana; zichemshe tena hadi zitokote vizuri na zimalizike kuiva. Pembeni kaanga vitunguu mpaka viwe na rangi ya kahawia, tia kitunguu saumu na binzari, kisha nyanya, mwisho mimina dengu. Nyanya zisitangulie kwenye dengu mbichi. Uchachu unazuia dengu kulainika, na hilo linahusu ndimu na ukwaju pia.

Kama hukuloweka jana, pika choroko. Ni ndogo, zinaiva bila kulowekwa, na kupika ni vilevile. Watu wengine hutia magadi ili zilainike haraka. Inafanya kazi kweli, ila magadi yanaharibu baadhi ya vitamini B, kwa hiyo kama una muda loweka tu.

*Nsansa kwa ugali*

Mahitaji: nsansa viganja vitatu, kitunguu 1, nyanya 2, karanga iliyotwangwa nusu kikombe, chumvi.

Osha nsansa mara kadhaa, loweka kwenye maji ya moto dakika 20, kisha chemsha hadi ilainike. Tia kitunguu na nyanya, zikilainika weka karanga iliyokorogwa kwa maji kama tulivyofanya juu. Acha itokote taratibu dakika 10. Ukiwa na dagaa wa Ziwa Victoria, hao wanaoingia mkoani kupitia Lamadi kule Busega, wakaange kidogo bila mafuta, uwachanganye humo. Ugali wa mahindi unafaa. Ukipata wa mtama, ndiyo utaelewa nyumbani kwetu tunaongelea nini.

Kitu kitamu juu yake

Kuna imani kwamba kitu kitamu baada ya chakula ni anasa ya hotelini. Lakini mtu aliyekula mlo wa kushiba na akapata kitamu kidogo nyumbani, saa tatu usiku haendi kununua biskuti na soda. Hivi vitatu havihitaji oveni.

*Matobolwa na mtindi.* Kata matobolwa vipande vidogo, yaloweke kwenye maziwa ya moto nusu saa. Yatanyonya na kuwa laini kama keki. Gawa kwenye vikombe, mimina mtindi juu, nyunyiza karanga zilizokaangwa, tia asali kijiko kimoja kama ipo. Sukari haina haja.

*Kashata za karanga.* Kaanga karanga vikombe 2, pukuta maganda. Paka sinia mafuta kabla hujaanza, maana baadaye hutapata nafasi. Weka sukari kikombe 1 kwenye sufuria kavu, moto mdogo, koroga taratibu hadi iyeyuke na kuwa rangi ya chai ya rangi. Epua palepale, tia karanga na chumvi punje chache, koroga haraka, mimina kwenye sinia, sawazisha kwa chupa iliyopakwa mafuta. Kata ingali ya moto. Ikipoa utakata kwa nyundo. Angalizo: sukari iliyoyeyuka inafika nyuzi 160 na zaidi, inaganda kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji yanayochemka. Usionje kwa kidole, na usipike huku unachati.

*Chapati za maji za unga wa michembe.* Twanga au saga michembe mikavu upate unga. Changanya unga huo nusu kikombe, unga wa ngano kikombe 1, yai 1, chumvi kidogo, iliki, na maziwa au maji mpaka upate uji mwepesi. Acha ukae dakika 15, kisha pika kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo. Unga wa michembe una utamu wake, kwa hiyo sukari weka kidogo au acha kabisa.

Aibu ya kiroba

Hapa tuseme ukweli kidogo. Wapo wenzetu wanaopokea kiroba kutoka nyumbani kwa basi, wanakiingiza hosteli usiku na kukisukuma chini ya kitanda. Kuna michembe humo, kuna karanga, kuna nsansa. Hawapiki mpaka wenzao wasafiri, na wengine wanaacha mpaka kinaingia wadudu. Wanaogopa kuitwa washamba.

Naielewa aibu hiyo. Michembe ina jina la chakula cha njaa, na si jina la bure. Kwenye nyumba nyingi ndiyo iliyobaki pale mahindi yalipokwisha, na mtoto aliyewahi kula michembe mitupu asubuhi na jioni kwa mwezi mzima hawezi kuiimbia sifa. Tena kisayansi yuko sahihi kuichoka: michembe mitupu ni wanga tu, haina protini ya kutosha wala mafuta. Lakini ukiitia karanga, ukaila na dengu mchana na mtindi jioni, hicho si chakula cha shida tena. Ni mlo kamili kuliko chipsi kavu zilizorudiwa kwenye mafuta ya juzi. Shida ilikuwa kukosa vya kuchanganya nayo. Sisi tunapata vya kuchanganya, tena wiki ile ile boom linapoingia.

Hesabu ya watu wanne

Sasa turudi kwenye ile dengu inayoishi kwa unyevu uliobaki. Kwa wenye mkopo wa Bodi, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na inakuja kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni laki sita. Kumbuka kuna wenzetu hawana mkopo kabisa, wanategemea kinachotumwa na wazazi pale kinapopatikana. Kwa makundi yote mawili fedha ni mvua: inanyesha siku moja kisha jua. Mkulima wa Maswa akishavuna, kwanza anajaza kihenge, ndipo anauza ziada. Sisi tunaanza na ziada.

Jaribuni hivi. Mkiwa wanne gheto moja au vyumba vya jirani, wiki ile ile fedha ilipoingia, kabla ya kitu kingine chochote, nunueni kwa pamoja chakula kikavu cha siku 60:

- Unga wa ugali kilo 60. Hiyo ni robo kilo kwa mtu, mlo mmoja mzito kwa siku.
- Dengu, choroko au maharage kilo 18. Inampa kila mtu gramu 75 kavu kwa siku, zenye protini kama gramu 15.
- Karanga kilo 7 na kidogo, yaani gramu 30 kwa mtu kwa siku.
- Michembe kilo 10 na nusu, kwa vifungua kinywa vitatu kila wiki.
- Mafuta, chumvi, vitunguu na gesi ya kutosha.

Sijaandika bei kwa makusudi, maana ya sokoni kwenu unaijua wewe na inabadilika kila msimu. Chukua bei ya leo, zidisha, gawa kwa wanne, kisha linganisha na unachotumia kwa mama ntilie kwa siku 60. Nunueni kwa gunia au nusu gunia, si kwa kipimo cha dukani kila jioni. Tofauti ya bei ndiyo faida yenu. Kinachobaki ndicho cha nyanya, mboga za majani, mayai, matunda na, ndiyo, chipsi kuku za Jumamosi. Hakuna anayewakataza bata. Liwe tu la kutoka kwenye ziada.

Zamu za kupika ziandikwe ukutani. Asiyejua kupika aoshe vyombo wiki ya kwanza huku anaangalia, wiki ya pili ashike mwiko, awe wa kike au wa kiume. Na mwenye upungufu zaidi kati yenu achangie kazi badala ya fedha bila kutangazwa. Sufuria la pamoja linamlinda mtu kwa heshima. Akiwa peke yake atapiga pasi ndefu na hutajua.

Mambo ya kuangalia

*Sumukuvu.* Karanga na mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu. Sumu hiyo inaharibu ini, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaweza kuleta saratani ya ini. Ikiwa nyingi inaua haraka: mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Dawa ni kuchambua kabla ya kupika. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyo chungu mdomoni, tupa, usiione huruma. Karanga iliyokwisha kutwangwa ya sokoni huwezi kuichambua, kwa hiyo nunua nzima, utwange mwenyewe.

*Unyevu na wadudu.* Weka chakula kikavu kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya ubao au matofali, si sakafuni. Kila baada ya wiki mbili anika michembe na dengu juani kwa saa chache.

*Moto.* Hosteli nyingi zinakataza kupika vyumbani, na sababu yake ni ya kweli: koili ya umeme kwenye nyaya zilizochoka, karibu na godoro na vitabu, inaweza kuteketeza jengo. Usivunje sheria hiyo kwa sababu umesoma makala yangu. Anayeishi gheto apike penye hewa. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa dakika tano, kwa sababu hewa yake inaua bila harufu. Kwa tunaoishi hosteli, hoja yangu naielekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi: tudai jiko la pamoja. Chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, madirisha makubwa, meko kadhaa ya gesi, sinki na ratiba. Kwenye kampeni tumeahidiwa mambo mengi yenye gharama kubwa kuliko hilo.

Likizo ndefu

La mwisho ni la kalenda. Likizo ndefu inaanguka katikati ya kiangazi, na huo ndio wakati viazi vimeshachimbwa na michembe inaanikwa. Utakayekuwa Maswa, Bariadi au popote Kanda ya Ziwa, usirudi chuoni mikono mitupu. Chagua viazi visivyo na matobo ya wadudu, viache vinyauke siku mbili tatu, menya, kata vyembamba na vilingane unene. Anika kwenye turubai safi au juu ya kichanja, si chini kwenye udongo. Geuza kila siku, ingiza ndani jioni kabla umande haujashuka. Baada ya siku chache vunja kipande: kikipinda bado, kikikatika kwa mlio tayari.

Na kabla ya kufunga gunia, muulize mama au bibi anapikaje ya kwake. Vipimo vyangu ni vya gheto. Vya kwao havijaandikwa popote, na sisi ndio tuliofundishwa kuandika.